Pumu ya Mwanangu na Ukuta wa Kitandani

Umewahi kukesha ukisikiliza kifua cha mtoto kikilia kama filimbi? Masika ya mwaka 2024, mafuriko yalipokumba Nairobi, tuliishi Kibera, nyumba ya udongo na mabati. Nikadhani ni baridi. Nikamvika sweta mbili, nikaziba dirisha kwa gunia, stovu ya mafuta taa ikiwaka ndani. Kumbe nilikuwa namzidishia!

Daktari aliuliza, "Mama, mtoto analala upande gani?" Nilipovuta kitanda, ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu. Kuvu hutoa chembe zisizoonekana, zikapeperuka hewani. Mwenye pumu akizivuta, njia za pumzi hubana. Nami, kwa ujinga wangu, niliufagia ukavu. Usiku ule alizidiwa.

Sasa tuko Kawangware. Kodi ni ghali, lakini dirisha linafunguka. Nguo mbichi naanika nje, pampu yake haitoki mkobani mwangu. Juzi, nyuma ya kabati, nimeona doa jeusi, ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Mwenye nyumba anasema nipake rangi tu.