Mzee Haulizwi Umri Peke Yake



Watu wa Hadithi walikuwa na adabu kubwa katika kumwendea mzee. Jabir bin Abdillahi (R.A.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya Hadithi moja tu. Na waliokuja baadaye walimuuliza mpokezi, “Umeyapokea haya kwa nani?” Hata umri waliuuliza, lakini walikuwa na haja nao: wajue kama kweli alikutana na yule aliyemtaja, na kama uzee haujamchanganyia kumbukumbu zake.

Haya yamenijia kwa kutazama mahojiano aliyofanyiwa marehemu Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, baada ya kuimba mpaka katika uzee mkubwa mno.

Najua yupo atakayeniambia, “Sheikh, una nini wewe na mwimbaji wa taarab?” Hukumu ya nyimbo na ngoma wanavyuoni wameizungumza kwa urefu, na mahali pake ni katika vitabu vya Fiqhi. Mimi leo nazungumza haki ya mzee, nayo haki hiyo haingoji kwanza tumpime kwa kazi yake.

Wengi waliomwendea Bi Kidude walishughulika na umri wake. Naye akiwajibu kwamba alizaliwa zama za rupia. Basi rupia ilitumika Unguja mpaka mwaka 1936 ndipo ikaja shilingi. Jibu kama hilo halimpi mtu mwaka wowote! Wao wakaandika miaka mia na ushei, wakaingia katika habari za sigara yake, wakastaajabu kwamba angali anasimama na kupiga ngoma. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na mastaajabu yakazidi.

Lakini mtazame mtu mwenyewe. Alikuwa kungwi, akiwafunda wari katika unyago. Akiuza hina na wanja, na akijua mitishamba. Alisimulia kwamba alitoroka usichanani ili asiozwe mume asiyemtaka, akatembea bara kwa miguu. Hilo peke yake lilitosha kuwa somo kwa wazazi wetu, kwani sheria yetu imetutaka tumtake binti shauri kabla ya kumwoza, na wangapi kati yetu hulitimiza hilo? Na nyimbo za Siti binti Saad alizishika kwa sikio.

Siti naye alifariki mwaka 1950, lakini leo tunajua habari zake, hata za vyungu alivyotembeza mjini kabla ya kujulikana kwa sauti yake. Tunajua kwa sababu Shaaban Robert alimsikiliza, kisha akaandika wasifu wake. Kumhoji mzee ni huko.

Lipo na swali jingine, zito zaidi: “Bibi, waimba kwa kupenda, au kwa kuwa usipoimba hutakula?” Bi Kidude mwenyewe alionyesha kwamba kuimba kulimpa nguvu. Lakini si kila mzee yuko hivyo. Wako wazee wetu wa dufu na kasida wanaoitwa harusini kila wiki. Mzee atasoma mpaka koo likauke, apewe sahani ya biriani na noti mbili mkononi, kisha aachwe njiani usiku, hakuna aulizaye amefikaje kwake. Tukimwona tena jukwaani twasema, “Mashaallah, mzee bado ana nguvu!” Huenda ni njaa iliyomsimamisha.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba milangoni mwa watu. Akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul Mali amtazame yeye na walio kama yeye. Aliona si uadilifu kuula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya asiyekuwa wa dini yetu, itakuwaje aliyetusomea maulidi miaka arubaini?

Mimi ni mwalimu wa chuo, na kila Ramadhani huwatuma watoto wakamuulize mzee mmoja jambo moja. Mwaka mmoja, kijana alirudi akasema, “Babu ana miaka themanini na mbili,” basi, akaketi. Binti mmoja alikuwa amemuuliza bibi yake nani aliyemfundisha kushona kofia za viua. Bibi akafungua sanduku, akatoa kofia ambayo hakuimaliza tangu mumewe alipofariki, akamtajia aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo. Kisha akamwambia, “Kaa hapa nikuonyeshe.” Kofia ile wakaimaliza pamoja.

Basi, ndugu yangu, ukimwendea mzee kaa chini, muulize amepokea kwa nani na amemwachia nani. Na kabla hujatoka, tupa jicho jikoni kwake uone kama kuna moto.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Kidude na wazee wetu waliotangulia, na atujaalie tuwafae walio hai kabla hatujaja kuwasifu makaburini. Amin.