Kisanduku Tulichokikaribisha Sebuleni

Mwenye nyumba humchungua sana mgeni anayetaka kulala kwake: huuliza katoka wapi, ni mtoto wa nani, na amekuja kwa jambo gani. Lakini chombo cha umeme hukikaribisha sebuleni, mbele ya wazee na watoto, bila ya kukiuliza neno. Sisi tumo katika waliofanya kosa hilo, na twaona ni wajibu wetu kulieleza, ili mwenye kusoma ajihadhari nalo.

Asili ya jambo hili ni sauti ya marehemu baba yetu. Katika miaka ya 1980 alikuwa akipenda kujirikodi katika kaseti: darasa alizozitoa usiku, hadithi za safari zake za jahazi baina ya Tanga na Pemba, na mawaidha kwa wajukuu ambao wengine wao walikuwa hawajazaliwa. Alituachia kaseti 31. Kijana wetu mkubwa alizihamisha moja moja, akazitia katika diski ya kompyuta pamoja na picha za harusi za nyumbani. Tukamsikilizisha mama yetu kwa simu. Alisikiliza kidogo, akairudisha simu, akasema: "Sauti ya baba yenu haikuwa nyembamba hivi. Nami sitaki kumsikiliza peke yangu pembeni. Nataka tuketi sote." Umri wake umepita miaka 80, na neno lake hatukuweza kulipuuza.

Ndipo kijana akatwambia: "Baba, iko programu iitwayo Kodi. Hupanga sauti, picha na filamu alizonazo mtu mwenyewe, na kuzionyesha katika televisheni kwa maandishi makubwa yanayosomeka mtu akiwa mbali kitini." Akatueleza khabari yake. Programu hii ilianza miaka zaidi ya 20 iliyopita, ikitengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya Xbox, chombo cha michezo ya televisheni, kisha ikaenea katika kompyuta za namna nyingi. Mwaka 2014 ndipo ilipopewa jina la Kodi. Haiuzwi, na kila mwenye ujuzi aweza kuyasoma maandishi yaliyoitengeneza. Lakini lililo kubwa ni hili: Kodi haina filamu hata moja ndani yake. Ni kama kabati. Ndani hamna illa alichokiweka mwenyewe.

Programu ilipatikana bila ya taabu. Taabu ilikuwa ni chombo cha kuitia.

Kwanza tulijaribu kompyuta kuukuu iliyokuwa chumbani. Tukaiweka chini ya televisheni, na nyaya zake zikazagaa juu ya mkeka. Pangaboi lake la ndani lilivuma kama mashine ya kukoboa, hata mahali marehemu anaposema kwa upole hatukumsikia. Kisha kila jambo lilitaka kibodi na kipanya. Mama yetu alikitazama kile kipanya akauliza, "Hiki nacho nikishike vipi?" Wiki ya pili tuliirudisha chumbani.

Baada ya hapo tukafanya haraka, na haraka haina baraka. Muuzaji mmoja wa mjini alitwonyesha kisanduku cheusi kidogo, bei yake rahisi mno. Alisema, "Mwalimu, hiki kimeshajazwa. Kodi imo, na filamu zote za dunia zimo, mipira imo, hulipi tena hata senti." Hatukuuliza vipi kitu kinachouzwa penginepo kwa fedha nyingi kiwe humu ni bure. Tulilipa, tukashukuru, tukaenda zetu.

Siku za mwanzo nyumba ilifurahi. Sauti ya baba yetu ikasikika, na mama akalia kidogo kisha akacheka. Lakini kifurushi cha intaneti tulichokuwa tukikitumia mwezi mzima kikawa chaisha kwa siku chache, hata usiku ambao hakuna aliyewasha televisheni. Kisha, jioni moja tumeketi na wageni na watoto baada ya chakula, likatokea tangazo la picha za aibu ambalo hakuna aliyeliita. Tuliruka kuung'oa waya ukutani. Mama yetu aligeuza uso wake upande wa dirisha, wala hakusema kitu.

Na lililotuuma zaidi lilikuja baadaye. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka 11, alikuwa amekuja nyumbani kuleta funguo za chuo, akaona orodha ya zile filamu. Akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hizi mmezilipia kwa wenyewe?" Mtoto huyu ndiye yule tuliyempa adhabu mwezi uliotangulia kwa kuchuma maembe ya jirani bila ya ruhusa. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ndiyo jibu, naye alilifahamu.

Basi tukamtaka kijana achungue, naye akatueleza mambo ambayo ilitupasa kuyajua kabla ya kutoa fedha. Wenye kutengeneza Kodi wenyewe wamewalaumu kwa muda mrefu wale wanaouza visanduku vilivyojazwa, kwa sababu huwapaka uovu wasioufanya. Mwezi wa Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu, katika kesi iliyotoka Uholanzi, kwamba kuuza chombo kilichotiwa viungo vya kufikia filamu zisizo na idhini ya wenyewe ni kuvunja haki zao. Wala madhara si kwa wenye filamu tu. Mwaka 2023 wachunguzi walivumbua visanduku vya bei rahisi vilivyokuwa na programu za uovu tangu dukani, na mwezi wa Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likatoa onyo kwamba mamilioni ya vyombo vya namna hii na mfano wake vimeshatekwa, na wahalifu hupitishia mambo yao katika intaneti ya nyumba za watu. Kwa hivyo yaliyokuwa yakimaliza kifurushi chetu usiku huenda yakawa ni ya namna hiyo hiyo. Tulikivunja kisanduku kile, hatukumpa mtu wala hatukukiuza, kwani kumpa mwenzio ubaya ulioukimbia si ihsani.

Mara ya tatu hatukuenda na haraka. Tulinunua Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ambayo ubao wake walingana na kadi ya benki. Raspberry Pi ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 2012, ikikusudiwa khasa kuwafundishia vijana kompyuta. Hii ya 4 ilitoka mwaka 2019. Kijana alitia katika kadi yake ndogo ya kumbukumbu mfumo uitwao LibreELEC, ulioanza mwaka 2016, ambao kazi yake ni moja tu: ukiwasha, yafunguka Kodi, wala hakuna kingine. Hapana duka, hapana matangazo, hapana mlango usiojulikana.

Hata hapo tulikosea mara 2, na twataja ili msomaji asipoteze fedha. Waya wetu wa HDMI wa kawaida haukuingia, kwa kuwa matundu ya Pi 4 ni ya HDMI ndogo, na yahitaji waya wake au kiungo. Kisha tuliiwasha kwa chaja ya simu, ikawa yajizima na kujiwasha, hata tulipoipatia chaja yake ya volti 5 na ampia 3 ndipo ilipotulia. Kadhalika haina kitufe cha kuzimia. Yapasa kuizima kwanza kwa orodha ya Kodi ndipo waya uchomolewe, la sivyo yaliyomo katika kadi huweza kuharibika. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, imewekewa kitufe hicho.

Tena iko neema moja tusiyoitazamia. Televisheni nyingi za leo zina njia iitwayo CEC, ambayo kwayo rimoti ya televisheni yenyewe huamrisha chombo kilichounganishwa kwa HDMI. Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink, na Sony huiita Bravia Sync. Tuliiwasha katika mipango ya televisheni, na mama yetu hakupewa kitu kigeni cha kushika. Ile rimoti aliyoizoea, vile vitufe 4 vya mishale na kile cha katikati, ndivyo vinavyomfungulia kaseti 31 za mumewe. Chombo hakivumi, nacho kimejificha nyuma ya televisheni.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana ambao ndinyi mnaotumwa madukani, lichukueni hili kwetu. Kabla ya kununua chombo cha sebuleni, ulizeni mambo 3: Je, twajua kilichomo ndani yake? Je, yaliyomo ni yetu, au wenyewe wametupa idhini? Na je, aliye mzee kuliko wote nyumbani aweza kukitumia bila ya kumwita mtu? Kikikosa moja katika haya, bei yake ijapokuwa ndogo, ni ghali.

Ama yule mwanafunzi, tulimwita siku ya Alkhamisi baada ya darasa, mbele ya wenzake, tukamwambia: "Swali lako lilikuwa la haki, na sisi tulikuwa tumekosa. Kisanduku kile hakipo tena." Akajibu, "Ahsante, Mwalimu," akaketi. Mama yetu naye husema kila baada ya Isha, "Haya, mfungulieni baba yenu," hali rimoti imo mkononi mwake mwenyewe.