Walinzi Wasio na Bunduki

Safari ya kutoka Kibakwe hadi Unguja naimaliza kwa mstari mmoja: vumbi mpaka Mpwapwa, basi, shingo iliyokakamaa, boti, kichefuchefu. Kilichonikalisha chini kuandika ni Kisiwa cha Chumbe, hifadhi ya matumbawe, na si kwa uzuri wake. Kilinikera.

Nilikwenda kwa mgongo wa shemeji yangu, mwalimu wa sekondari mjini Unguja, ambaye shule yake ilipata zamu ya kupeleka wanafunzi. Shule za huko hupelekwa bure, kwa fedha za wageni wanaolala kwenye vibanda saba vya kisiwani. Tuliondokea pwani ya Mbweni, na tuliposhuka tukapokelewa na mlinzi wa makamo, ndevu zimeanza mvi, ambaye zamani alikuwa mvuvi. Baada ya salamu akawaambia watoto, "Sisi hapa hatuna bunduki wala rungu. Tunalinda kwa mdomo."

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwetu Kibakwe, milima ya Rubeho imesimama nyuma ya nyumba. Misitu yake imehifadhiwa, na sibishi kwamba inastahili: mwaka 2000 watafiti walikuta humo kware ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Lakini mtoto wa kwetu huujua msitu kwa hofu kabla hajamjua ndege hata mmoja. Mjomba wangu alikutwa na mzigo wa kuni kavu. Shoka likachukuliwa, baiskeli ikachukuliwa, na yeye akalazwa ndani. Shoka lilirudi. Baiskeli hatujaiona hadi leo. Sasa mtu akiniambia kwamba hifadhi inalindwa kwa mdomo, naona ananitania.

Nikamwambia mlinzi hivyo hivyo, watoto walipotangulia kuvaa miwani ya kuogelea. Hakukasirika. Alinyoosha kidole upande wa magharibi, palipo na maboya ya mpaka wa hifadhi, ambako ngalawa moja ilikuwa imesogea mno. "Twende ukaone, bwana," akasema.

Tukaenda kwa boti ndogo. Alizima mashine mapema, tukawasogelea taratibu. Wavuvi walikuwa wawili, mmoja kijana, mishipi tayari majini. Akawasalimu, akauliza hali za nyumbani, akauliza kama harusi fulani ya mtaani kwao imeshapita. Harusi! Nilingoja karipio, halikuja. Mwishowe akasema tu, "Mmeingia ndani, jamaa. Samaki mtawakuta hapo nje ya boya, wanatoka wenyewe." Yule mkubwa akavuta mshipi, akajitetea kwamba ni mkondo uliowasukuma. Mlinzi akakubali kwamba ni mkondo, ingawa bahari ilikuwa imetulia tuli. Walipoondoka akaandika kitu katika daftari lake.

"Na wakirudi usiku?" nikauliza.

"Nitawajua. Mmoja nimevua naye."

Hapo ndipo kero yangu ilipopungua kidogo, lakini ikarudi aliponisimulia jinsi mwamba wa matumbawe wa hapo ulivyosalimika. Serikali ya Zanzibar ilipotangaza hifadhi mwaka 1994, matumbawe ya upande huu yalikuwa tayari mazima kuliko mengi ya pwani yetu. Sababu yake ni kwamba hapa ni njia ya vyombo vya kwenda Dar es Salaam, wavuvi wakazuiwa wasiiingilie. Wachache tu ndio waliomudu mashine ya kuwafikisha mbali hivi. Na pwani ya ng'ambo ilikuwa eneo la jeshi, askari wakifanya mazoezi ya kulenga shabaha.

"Kumbe bunduki ilikuwapo," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Ilikuwapo. Lakini haikuwa yangu!"

Nilivalishwa jaketi la kuokolea, maana sisi watu wa Dodoma maji tumezoea kuyakuta ndooni. Nilipozamisha uso nilisikia kwanza kabla ya kuona: kra, kra, kra. Ni pono, akiguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu. Alikuwa mkubwa, wa kijani, karibu kiasi cha kumgusa, naye hakuhangaika nami hata chembe. Nyuma yake chewa alikuwa amejibanza pangoni, mdomo wazi. Nilikaa na pono yule hadi mgongo ukaungua jua. Kero ilikuwa imeniacha kabisa, na nilijishtukia kwa hilo.

Mengine niliyapita haraka. Mnara wa taa ambao Waingereza waliujenga mwaka 1904, na msikiti mdogo uliojengewa watunza taa. Kisiwa hakina kisima, kila tone la maji matamu ni la mvua iliyokingwa kwenye mapaa, na hili ningependa lionwe na kila mwenye bati Kibakwe. Kaa wa nazi, anayeweza kufika kilo nne, alikuwa amelala shimoni. Tulioneshwa gando moja tu la bluu iliyoiva.

Tukingoja boti ya kurudi, mlinzi akaniuliza, "Huko kwenu walinzi wa msitu ni watoto wa nani?"

Nikamwambia siwajui. Wanaletwa kutoka mbali, na wakianza kutuzoea huhamishwa.

"Basi wataulizaje habari za harusi?"

Ndani ya boti nilimweleza shemeji kwamba mjomba, aliye na miaka yote ile ya kuujua msitu, ndiye angefaa kuajiriwa kuulinda. Shemeji ni mtu wa hesabu. Akaniambia nisahau: Chumbe ina wageni wanaolipa dola kuja kuogelea na pono, mshahara wa yule mlinzi unatoka hapo. Nani atapanda Rubeho alipe dola amwone kware?

Nikakiri kwamba kware huyo hata mimi sijamwona. Lakini baiskeli nayo mtu aliiona.