Nyumba ya Bendera, Kisesa

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala kwenda Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Safari yenyewe ilikuwa ya Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Lakini kijana wa bodaboda akaniona na kamera, akaniambia, "Dada, kama unapenda picha, kuna mzee kapaka nyumba yake bendera." Mwandishi ukisikia hivyo utaacha?

Kweli bwana! Nyumba ya vyumba vitatu, bati limeshika kutu, lakini ukuta wote wa mbele ni bendera ya Taifa: kijani juu, nyeusi imekatiza kimshazari kati ya mistari miwili ya njano, bluu chini hadi kwenye msingi. Nikacheka moyoni. Stori nyepesi ya ukurasa wa mwisho nimeshaipata.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuombea maji. Akacheka, akanisogezea kigoda.

Akanisimulia kuwa alianza na kijani na njano, majirani wakadhani kafungua tawi la CCM. "Mmoja alikuja kuulizia kadi," akasema. Ikabidi aharakishe nyeusi na bluu.

Nikauliza: mzee, uzalendo huu umeutoa wapi? Jeshini?

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia habari za Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikitokea Bukoba, Mwanza ikiwa karibu. Mdogo wake alikuwamo. Maiti zilikuwa nyingi, wa kwake hakumtambua. Wengi walizikwa Igoma, pale pale tunapopita kuja Kisesa, naye ameamua kuamini kuwa mdogo wake yupo pale. Taifa likaomboleza siku tatu, bendera nusu mlingoti.

"Mwanangu, kabla ya hapo bendera niliiona ni kitu cha ofisi za serikali. Siku zile ilishushwa kwa ajili ya mdogo wangu, muuza samaki, hakuna mkubwa aliyemjua hata jina. Nikasema, kumbe na mimi ni yangu."

Shuleni tulikariri kwamba bluu ni bahari, maziwa na mito. Nilipata maksi zangu, basi. Pale ukutani mvua hurusha matope kwenye ile bluu, na kila Mei mzee huipaka upya. Wanawe wanamlalamikia: baba, bati linavuja, wewe unanunua rangi! Anasema bati nalo litafika zamu yake.

Bujora sikufika siku hiyo, na stori nyepesi nimeitupa. Wakati wa kurudi, daladala ilipofika Igoma niliweka simu mfukoni nikachungulia dirishani. Miaka yote hii nimepita pale nikisoma meseji.

Tumezoea kuikumbuka bendera Taifa Stars wakicheza, au Desemba 9. Sisemi ni vibaya. Ila wewe mdau, ni lini uliiona bendera ukahisi kuwa imepandishwa, au imeshushwa, kwa ajili yako?