Inchi mbili tu

Kuna siku ambapo mtoto hujishtaki kwa swali lake mwenyewe. Yangu ilikuwa Jumamosi moja mwaka 2004, nikiwa kidato cha pili katika shule ya kutwa jijini Nairobi.

Baba yetu alikuwa mpima ardhi. Katika mkoba wake hakikukosa kikokotoo cha HP 48GX, aina iliyotolewa na kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani mwaka 1993 na kupendwa mno na wahandisi na wapima ardhi. Alikuwa na viwili: kimoja chake, cha pili alikinunua kwa mwenzake aliyestaafu. Kwenye ukingo wa juu wa kila kimoja palikuwa na kidirisha cheusi. Humo ndimo ilimopita miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kama ule wa rimoti ya runinga. Kwa miale hiyo kikokotoo kimoja kiliweza kukipa kingine fomula, majibu, hata maandishi, bila waya wowote.

Pacha wangu alipogundua hayo, macho yalimtoka. Hesabu zilikuwa zimemlemea tangu shule ya msingi, na alikuwa ameonywa kwamba akianguka tena atarudia darasa. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mimi nikokotoe, kisha nimrushie majibu kutoka dawati langu hadi lake. Nilijua fika kwamba ni wizi, lakini sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Tulijifungia chumbani kufanya majaribio. Vikokotoo vilipokaribiana pua kwa pua, majibu yalipita. Tulipovitenganisha hatua moja, kimya! Tukabadilisha betri, zote tatu. Tukapangusa vidirisha kwa shuka. Wapi!

Usiku nilimwendea Baba sebuleni. "Baba, vikokotoo vyako vimeharibika. Havifikishi."

"Havifikishi wapi?"

Kabla sijafikiri, ulimi uliteleza: "Dawati la pili."

Baba hakufoka. Alizima taa, akawasha tochi na kuisogeza karibu na ukuta. Doa la mwanga likawa dogo na kali. Aliporudi nyuma, doa lilipanuka na kufifia. Akanieleza kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika mahali palepale hupungua hadi robo. Rimoti huvuka sebule kwa kuwa kipokezi cha runinga ni chepesi kuhisi: husubiri mipigo maalumu ya mwanga, mara nyingi kama 38,000 kwa sekunde, na kupuuza mwanga wa jua na balbu.

Kisha akanifungulia kitabu cha maelekezo. Kilisema alama za mishale za vikokotoo zielekezane, na pengo kati yavyo lisizidi inchi 2, yaani sentimita 5. Ajabu ni kwamba kikokotoo hichohicho kiliweza kupeleka maandishi kwa printa yake kutoka mbali zaidi. Kupokea ndiko kulikofupishwa, na sababu inayotajwa sana ni hofu ya wizi wa mitihani.

"Waliokiunda waliwajua nyinyi wawili kabla hamjaingia chekechea," Baba alisema.

Alimwita ndugu yangu. Nilidhani atamkaripia, kumbe alimuuliza tu ni hesabu zipi zinazomshinda. Pacha wangu, aliyekuwa hodari wa kucheka kila jambo, aliinamisha kichwa akalia. Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza, nami nikiwemo, ingawa tulilala chumba kimoja.

"Kaa karibu na nduguyo," Baba akaniambia. "Inchi mbili."

Jumapili nzima tulikuwa mezani, bega kwa bega, kwa kalamu na karatasi. Alipata alama 43. Si nyingi, lakini zilikuwa zake, na hakurudia darasa.

Siku hizi sheria za mtihani wa kitaifa haziruhusu vikokotoo vinavyopangiwa programu, na simu huvusha jibu kutoka bara hadi bara kwa kufumba na kufumbua. Ukuta wa inchi mbili umebomoka. Wewe mzazi unayesoma haya, ukimkuta mwanao na njama ya kuiba mtihani, mkanye, ndiyo, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye. Ila ukishamkanya, muulize somo gani limemshinda, kisha uvute kiti ukae naye.

Baba alitutoka mwaka 2016. Ndugu yangu sasa ni fundi wa umeme Mombasa, na kila mmoja wetu alirithi kikokotoo kimoja. Tukikutana Krismasi huvitia betri mpya na kuvikaribisha pua kwa pua. Bado vinasikilizana.