Mafuta Yanayobaki Kwenye Mashudu

Kazi yangu ni kuwashauri wenye viwanda vidogo vya kukamua alizeti mkoani Singida. Wengi tukikutana mara ya kwanza hutaka niwasaidie kuandika andiko la mkopo, wanunue mashine kubwa zaidi. Mimi huomba kwanza nione mashudu.

Nachota konzi moja yakiwa bado ya moto, nayafunga kwenye karatasi nyeupe, nabana. Karatasi ikilowa mafuta, hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanzia. Mashine ndogo ya skrubu, hata ikiwa nzima, hubakiza kwenye mashudu mafuta ya kiasi cha asilimia 8 hadi 12, na ikichakaa hubakiza zaidi. Viwanda vikubwa vinavyotumia heksani huyapitisha mashudu hayohayo upya na kubakiza kama asilimia 1 tu. Kwa hiyo mwenye kiwanda kidogo anayeuza mashudu yaliyoloa anamuuzia mshindani wake mafuta kwa bei ya pumba, kisha wanakutana sokoni kugombea mteja mmoja.

Skrubu huliwa na mchanga. Mchanga unatoka shambani: vichwa vya alizeti hupigwa kwa fimbo juu ya ardhi tupu, punje zinazolewa pamoja na kila kilicho chini, zinaingia guniani, na mnunuzi anapima kwa debe bila kuangalia. Kiwandani kama hakuna chekeche, vyote vinaingia mdomoni mwa mashine. Ndani ya msimu mmoja chuma kinalika, mgandamizo unapungua, mashudu yanatoka mazito na yenye mafuta, na mwenye mali anaamini mashine yake ni ndogo. Nao unyevu una mambo yake. Alizeti mbichi huteleza ndani ya skrubu, na iliyokauka kupita kiasi husagika kuwa unga. Fundi mzuri huisikia mashine inavyounguruma akajua aongeze moto au apunguze kulisha, na fundi wa namna hiyo nawaambia matajiri wake wamlipe vizuri, maana akihamia Dodoma hasara yake ni kubwa kuliko ya kuharibika mota.

Mama mmoja wa Kiomboi, ambaye watu wote wa pale wanamwita Mama Mashine, alinisikiliza hadi mwisho akauliza, "Sasa mwanangu, hilo chekeche naweza kuchongewa hapahapa?" Alichongewa na mafundi wa mjini Singida. Akaijaza skrubu yake iliyolika kwa kuichomelea badala ya kununua mpya, akanunua maturubai ya kuwaazima wakulima wanaomuuzia wakati wa kupura. Mkopo wa mashine ya pili akauweka kando.

Jambo la pili ni mbegu. Record, mbegu ambayo wakulima wetu wameipanda kwa miongo mingi, inavumilia ukame na mkulima anaweza kujiwekea mbegu mwenyewe, ndiyo maana inapendwa. Lakini ikipandwa mwaka baada ya mwaka kutoka ghala la nyumbani, inachanganyika, maganda yanakuwa manene na mafuta yanapungua. Chotara kama Hysun 33 hutoa mafuta mengi zaidi kwa gunia, ila mbegu yake ni ya kununua kila msimu. Mwenye kiwanda anayenunua kwa debe humlipa sawa aliyepanda mbegu bora na aliyepanda masalia. Mkulima anaona hivyo, na anafanya hesabu zake.

Juni 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza hapa Singida kikao cha wadau wa alizeti, na msimu uliofuata mbegu za ruzuku zikaletwa Singida, Dodoma na Simiyu. Watu walilima kwa moyo. Bei ya dunia ilikuwa juu, na vita vya Ukraine vikaipandisha zaidi. Kisha mwaka 2023 bei ya mafuta ikashuka, mafuta ya nje yakajaa madukani, na gunia la alizeti likaanguka vibaya sana. Niliwaona wakulima wakirudi kwenye dengu na vitunguu, na viwanda vikifunga milango miezi michache tu baada ya mavuno. Ushuru wa forodha ni muhimu, nami nausemea kila ninapopata nafasi: nchi inayoagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula haiwezi kumwacha mkulima wa Mkalama apambane peke yake na mawese ya Malaysia na Indonesia. Lakini ushuru hupanda na kushuka bungeni. Mchanga na mbegu viko mikononi mwetu.

Hata hivyo, kinachoua viwanda vingi ni kukosa mtaji wa kununulia alizeti. Fedha ikiisha Agosti, mashine inalala hadi Mei, na kiwanda kinachofanya kazi robo ya mwaka hakiwezi kukishinda kinachofanya kazi mwaka mzima. Ndiyo maana nawahimiza waingie mkataba na vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) mapema, kabla mvua za Desemba hazijaanza, wapange bei ya kilo na siyo ya debe, na waonyeshe mkataba huo benki wanapoomba fedha ya msimu. Mkulima akipata mnunuzi wa juu zaidi barabarani atauza, hilo halizuiliki kwa karatasi. Huzuilika kwa kulipa siku ileile mzigo unaposhuka, na kwa mizani ambayo mkulima anaisoma mwenyewe.

Mama Mashine sasa amebandika bei mbili mlangoni: ya alizeti iliyopurwa kwenye turubai na ya alizeti yenye mchanga. Msimu wa kwanza walimnung'unikia. Sasa maturubai yake hayatoshi, anatafuta mengine.