Ndege Mwenye Mdomo Kuupita Mwili

Bila shaka mwamjua chozi, yule ndege mdogo ang'aaye kama shanga, ajaye kunyonya maua ya migomba karibu na nyumba. Chozi kwa kawaida hutua kwanza, ndipo anyonye. Basi fikirini ndege wa kimo chake asiyehitaji kutua: husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakivuma kama nyuki, na akisha kunywa hurudi kinyumenyume. Huyo ndiye kolibri. Hana undugu na chozi wetu, wala haonekani popote ila katika nchi za Amerika. Ekuador peke yake ina aina zaidi ya 120.

Nilikwenda kuwatazama siku moja katika msitu wa Yanacocha, mlimani Pichincha, karibu na mji wa Quito. Mahali hapo pana kimo cha meta 3,500 hivi, na sisi wa nchi za chini tulitweta kama wazee. Walinzi wa msitu wametundika vikopo vya maji ya sukari. Tulisimama kimya katika ukungu. Tukasikia mvumo, kisha wakaja, wa kijani na wa buluu, wakifukuzana kwa hasira. Wadogo vile, lakini wachoyo ajabu!

Mara akaja yule niliyemtaka. Mdomo wake ni kama upanga, karibu sentimeta 10, nao waupita mwili wake ukiacha mkia. Hakuna ndege mwingine duniani aliye hivyo. Akitua huuelekeza juu, kama askari na mkuki wake. Kwa mdomo ule hawezi kujisafisha manyoya, hivyo hujikuna kwa miguu. Mwaweza kuuliza, wa nini basi? Katika misitu ile kuna maua ya jamii ya pasheni yenye shina refu kama mrija, na utamu uko chini kabisa. Yeye huufikia, naye hulipa kwa kuchukua unga wa ua hili mpaka ua lile.

Yuko mwingine ambaye hatukumwona: mweusi kifuani, miguuni ana manyoya meupe kama soksi za pamba. Tangu 2005 ndiye nembo ya mji wa Quito, lakini amebaki mahali pachache mno, kwa maana misitu yake ilikatwa kwa makaa na malisho ya ng'ombe. Yanacocha ilitengwa mwaka 2001 hasa kwa ajili yake.

Mwongozi wetu alisema babu yake alichoma makaa milimani humo. Sikuona la kumlaumu mzee. Watoto walitaka kula. Mjukuu sasa hulipwa kuulinda msitu. Nilimwuliza amemwona mara ngapi yule wa soksi nyeupe. Akahesabu kwa vidole, na mkono mmoja ulitosha.